Uanagenzi wa TEHAMA Arusha na Moshi: kutoka siku ya kwanza hadi ukabidhiwe funguo

Kijana akija ofisini kwetu hapa Moshi kuomba nafasi ya kujifunza kazi, swali langu la kwanza halihusu kompyuta. Namuuliza: mara ya mwisho ulipoazima kitu cha mtu, ulikirudisha kikiwa katika hali gani? Nauliza hivyo kwa sababu fundi wa TEHAMA kutwa nzima anashika vya watu. Mishahara ya walimu, orodha ya wagonjwa wa zahanati, picha za harusi, barua pepe za wageni wanaokuja kupanda Kilimanjaro mwezi wa nane. Mashine ikifa hununuliwa nyingine. Kilichomo ndani hakiuzwi duka lolote.

Mimi kazi nilijifunzia Arusha, kwenye chumba kimoja jirani na soko la Kilombero, chini ya fundi ambaye hadi leo namwita Kaka. Ninayoandika hapa ni yale aliyonifundisha, pamoja na yale niliyoyajua baada ya kuharibu.

Hatua ya 1: Chagua mtu kabla ya kuchagua jengo

Kama unasoma Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu pale Njiro, VETA au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, utapewa barua ya mafunzo kwa vitendo. Barua inakufikisha mapokezi. Kutoka hapo ni wewe. Kama huna chuo, nenda mwenyewe asubuhi ukiwa na cheti chako cha kidato cha nne na chochote ulichosomea, amkia vizuri, sema jina lako na unachotaka kujifunza, kisha nyamaza usikilizwe.

Vijana wengi hukimbilia ofisi kubwa zenye viyoyozi. Ushauri wangu ni tofauti: tafuta mahali penye matatizo mengi ya aina mbalimbali na fundi mmoja mwenye subira. Duka la ufundi la Mbuyuni linaweza kukufundisha mengi zaidi ndani ya miezi mitatu kuliko jengo la ghorofa ambako utashinda ukibeba karatasi za printa. Uliza mambo matatu kabla ya kukubali: nitakuwa chini ya nani, nitaruhusiwa kugusa nini, na nani atasaini daftari langu? Wakishindwa kujibu la kwanza, endelea kutafuta.

Kwa Arusha, angalia pia kalenda. Kampuni za utalii zinabanwa kuanzia Juni hadi Oktoba, na hakuna mtu mwenye nafasi ya kukuelekeza wakati magari kumi yanasubiri kwenda Serengeti. Aprili na Mei, masika yakiwa yamepamba moto na wageni wamepungua, ofisi nyingi ndipo husafisha mashine na kubadilisha nyaya. Omba kuanza wakati huo.

Mkikubaliana, iandikwe. Ukurasa mmoja unatosha: muda wa mafunzo, saa za kazi, nauli na chakula kama vipo, na itakuwaje kifaa cha mteja kikiharibika mkononi mwako. Hilo la mwisho watu huliona aibu kuliuliza. Liulize hata hivyo. Nimeona mwanagenzi akikatwa posho ya miezi miwili kwa kioo cha laptopu kilichopasuka, kwa sababu tu hakuna aliyelizungumza mapema.

Hatua ya 2: Mkoba

Usinunue vitu vingi. Bisibisi ndogo za nyota na bapa, brashi laini, tochi, flashi mbili, kifutio cha penseli na daftari gumu. Koleo la kubania vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya kebo ya mtandao, na kipima kebo utanunua baadaye, ukishajua kama utaegemea mtandao. Kifutio wengi hukishangaa. Kompyuta isiyowaka au inayopiga milio bila kuonyesha kitu, mara nyingi shida ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, iliyolegea au kuota uchafu kwenye meno yake. Zima, chomoa umeme, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, shika chuma kitupu cha kasha ili mwili wako usibebe umeme tuli, kisha toa ramu, isugue meno taratibu kwa kifutio, pangusa vumbi la kifutio, irudishe hadi isikike "tak" pande zote mbili. Katika vumbi letu la Januari, tendo hilo moja limefufua mashine nyingi zilizokuwa zimeshatangaziwa mazishi.

Hatua ya 3: Daftari linaanza siku ya kwanza

Kila kazi ina mistari mitano: tarehe, kifaa cha nani, alilalamika nini kwa maneno yake mwenyewe, nilifanya nini kwa mpangilio, ikawaje. Maneno ya mteja yaandike kama alivyoyasema. Akisema "inagoma nikichomeka chaja", usiandike "tatizo la umeme", maana umeshaamua kabla hujapima.

Mfano kutoka daftari langu la zamani. Mwalimu mmoja alileta kompyuta ya mezani akisema "intaneti imekufa, kila tovuti inaniambia si salama". Nilihangaika na ruta saa nzima. Kaka akaangalia kona ya chini ya skrini: saa ya mashine ilikuwa nyuma miaka mingi. Betri ndogo ya duara kwenye bodi, ile ya CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mashine kila ikichomolewa inasahau tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na kuisha. Mashine inayodhani bado ni mwaka wa zamani itavikataa vyote. Tulibadilisha betri, tukarekebisha saa, kazi ikaisha. Nililiandika, na tangu hapo naangalia saa kwanza. Bila daftari ningelisahau na kupoteza saa nyingine mwaka uliofuata.

Hatua ya 4: Nakili kabla hujagusa

Hapa nataka usome polepole, mdogo wangu.

Mwezi wangu wa tatu pale Kilombero, mama mmoja mwenye steshenari alileta laptopu. "Mwanangu, inachelewa kuwaka mpaka wateja wanaondoka. Nipigie Windows mpya." Nikamuuliza, "Mama, vitu vyako viko wapi?" Akasema vyote viko kwenye flashi, ameshavihamisha. Nikaamini. Nikapiga Windows, nikafuta diski yote, jioni nikamkabidhi mashine inayomaliza kuwaka ndani ya sekunde ishirini. Alifurahi sana.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni. Kwenye flashi kulikuwa na picha ndogo za folda zenye mshale pembeni. Alichokuwa amenakili kilikuwa njia za mkato tu. Folda zenyewe zilikuwa kwenye laptopu: madeni ya wateja wake wa miaka minne, nani amelipa na nani bado. Kaka alikesha siku mbili na programu ya kurejesha mafaili, akapata kama nusu. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Twende wote dukani kwake, utamwambia wewe kwa mdomo wako." Nilitembea kutoka Kilombero nikiona njia imekuwa ndefu.

Tangu siku hiyo huu ndio utaratibu, na kwa wanagenzi wangu haujadiliwi:

Muulize mwenye mashine anahifadhi wapi, kisha fungua uone kwa macho yako. Angalia eneo-kazi, folda ya nyaraka, folda ya vitu vilivyopakuliwa, picha, na diski D kama ipo. Uliza kuhusu barua pepe na programu ya uhasibu, kwa sababu hizo huficha mafaili yake pembeni. Angalia ukubwa wa kila folda na uandike. Nakili kwenye diski ya nje ya ofisi. Linganisha ukubwa, kisha fungua mafaili matatu au manne kutoka kwenye nakala, uone yanafunguka kweli. Muonyeshe mwenyewe, asaini kwenye daftari. Hapo sasa una ruhusa ya kufuta. Nakala ihifadhiwe kabatini kwa muda mliokubaliana, sisi tunaweka siku 14, halafu ifutwe na yeye aambiwe kwamba imefutwa.

Kabla ya kugusa mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoamsha mashine, au kubadilisha bodi, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Laptopu nyingi mpya huja zimefungwa na mwenyewe hana habari. Ukibadilisha kitu, mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi wa Arusha wala wa Dar atakayeifungua. Mtafutie ufunguo huo kwanza kwenye akaunti yake ya Microsoft, akiwa amekaa pembeni yako.

Diski ya zamani inayolia "tik, tik, tik" usiiwashe mara ya pili kuona kama itakubali. Kila mzunguko unaweza kuwa unakwangua kilichobaki. Zima, mwambie mwenyewe ukweli, muulize mafaili yale yana thamani gani kwake. Na mafaili yakifutwa kwa bahati mbaya, acha kutumia mashine hapo hapo. Kwenye diski ya kuzunguka bado kuna matumaini, kwa kuwa kilichofutwa hubaki pale hadi kiandikwe juu yake. Kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, matumaini ni madogo mno, kwani yenyewe husafisha nafasi zilizoachwa ili ibaki na kasi. Jua tofauti hiyo kabla hujamuahidi mtu.

Mteja mwenye biashara mfundishe hesabu rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Duka likiungua au kuibiwa, flashi iliyo kwenye droo ya duka hilohilo haitamsaidia.

Hatua ya 5: Mtandao, anzia chini

"Intaneti haipo" ni sentensi utakayoisikia kila siku. Usikimbilie kuwapigia watoa huduma. Anza na taa ya pale kebo inapochomekwa: inawaka? Badilisha kebo. Kisha angalia anwani ya kompyuta (IP), yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, mashine imeomba anwani na haikujibiwa, kwa hiyo shida iko kati yake na ruta. Ikiwa na anwani nzuri, tumia amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu, kwenda kwenye ruta, halafu 8.8.8.8 (anwani ya Google huko nje), halafu jina la tovuti. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, hapo mshuku mtoa huduma. 8.8.8.8 ikijibu lakini majina hayajibu, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Dakika tano, na unajua uende wapi.

Kuna ugonjwa mmoja unaopenda nyumba za wageni na shule. Tuliitwa upande wa Usa River, nusu ya kompyuta zina intaneti, nusu hazina, na kila saa zinabadilishana. Tulizunguka hadi mchana. Mwishowe tukaikuta ruta ndogo nyuma ya kabati la mhasibu. Mtu alitaka Wi-Fi yenye nguvu chumbani, akaichomeka kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo za ofisi nzima, kupitia tundu lisilo lake, nayo ikaanza kugawa anwani kama ruta kuu. Kompyuta zilikuwa zinamsikiliza anayejibu haraka. Ukiona mashine mbili za ofisi moja zina anwani zinazoanza kwa namba tofauti, mtafute mgawaji wa pili.

Kubana kebo utajifunza kwa mkono, ila mpangilio ukariri: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa. Usifumue misokoto ya nyaya zaidi ya nusu inchi, maana misokoto ndiyo inayozuia kelele kati ya waya na waya. Kebo moja isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Bana, pima, andika jina la kebo pande zote. Kuandika jina ndiko wengi huruka, na ndiko kutakakokufanya ukumbukwe kwa wema na fundi ajaye.

Hatua ya 6: Umeme na radi

Kasha la kubadilisha umeme lililo ndani ya kompyuta ya mezani usilifungue. Likiwa limechomolewa bado linaweza kubeba chaji ya kukudhuru. Linabadilishwa zima. Betri ya laptopu iliyovimba usiibonyeze wala kuitoboa, na usiitupe jalalani. Iweke kwenye chombo kisichoshika moto, mbali na watu, hadi ipelekwe kwa wanaochukua taka za aina hiyo.

Printa ya leza usiichomeke pamoja na kompyuta kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi ghafla, UPS inalemewa na kuzima kila kitu. UPS yenyewe ijaribu kila baada ya miezi michache: hifadhi kazi zote, izime ukutani, hesabu dakika. Usisubiri uniti za LUKU ziishe katikati ya kufunga hesabu za mwezi ndipo ujue betri ilishakufa.

Msimu wa radi, waambie wateja wachomoe umeme pamoja na kebo ya mtandao. Watu huchomoa umeme tu. Kebo ya shaba iliyopita hewani kutoka jengo moja hadi jingine ni njia nzuri kabisa ya radi kuingia ndani, na nimeona swichi ya matundu 24 ikinuka moshi kwa sababu hiyo. Kati ya majengo shauri faiba, kebo ya nyuzi za kioo, kwani haipitishi umeme.

Hatua ya 7: Kusema na mteja

Mzee akikwambia "hii mashine yenu", usimrekebishe. Mwamkie, kaa, msikilize. Eleza kwa Kiswahili cha kawaida na usijifiche nyuma ya vifupisho. Usiseme "rahisi tu hii" mbele ya mtu aliyekesha akihangaika nayo. Bei itaje kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, na ikipanda piga simu kabla hujaendelea.

Swali utakaloulizwa sana siku hizi ni la Windows 10. Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, pamoja na mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji (prosesa) cha kizazi cha 8 au kipya zaidi. Kompyuta nyingi za mtumba tunazouza hapa hazifiki. Mweleze mteja njia zake kwa uwazi: kubadilisha mashine taratibu, au kuweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, kama kazi yake ni kuandika na kutumia tovuti. Usimwekee Windows iliyovunjwa kufuli ukamwambia ni halali. Programu za kuvunjia kufuli ni mlango wa virusi, na akidhurika jina litakalotajwa mtaani ni lako.

Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, iliyo kaunta usiifungue hata ukiombwa kwa upole. Ina lakiri, na huhudumiwa na wakala aliyeidhinishwa na TRA. Mwelekeze huko.

Hatua ya 8: Siri za watu

Utaona mambo. Picha, mazungumzo, majibu ya vipimo, mshahara wa mtu unayemjua mtaani Pasua au Sakina. Fungua kile tu ambacho kazi inakudai ufungue. Usinakili, usisimulie, hata nyumbani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaita kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazibana ofisi zinazotunza taarifa za watu. Zisome.

Nywila mwombe mteja aiandike yeye mwenyewe kwenye kibodi. Ikibidi akuachie, iandikwe kwenye karatasi inayokaa na mashine, na siku ya kukabidhi umwambie aibadilishe. Ukiombwa "nifungulie simu ya mke wangu", jibu ni hapana, na mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo.

Ukikosea, sema ndani ya saa moja. Kosa lililotajwa mapema mara nyingi linaokoleka: diski bado haijaandikwa juu, nakala bado ipo kabatini. Mwanagenzi anayekuja kuniambia "Kaka, nimeharibu" namwamini zaidi ya yule ambaye kwa miezi sita hana kosa hata moja kwenye daftari lake.

Hatua ya 9: Siku ya kukabidhiwa, na siku ya kuondoka

Funguo za chumba cha seva, kompyuta kuu inayohudumia ofisi nzima, hazitolewi kwa sherehe. Siku moja msimamizi anasafiri kwenda Same kwenye msiba, anakuwekea mkononi, anasema "tutaonana Jumatatu". Siku hiyo usijaribu kitu kipya. Usisasishe seva Ijumaa jioni. Angalia kama nakala za usiku zimefanyika, andika kwenye daftari, funga mlango.

Muda ukiisha, omba barua inayotaja kazi ulizofanya kwa majina: nyaya ngapi, mashine ngapi, mfumo upi. Daftari lako litasaidia kuiandika. Kama hukupitia darasani, peleka ujuzi wako VETA, wana utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Kisha kaa na msimamizi dakika thelathini: orodhesha akaunti zote ulizokuwa na nywila zake, zibadilishwe mbele yako. Rudisha flashi za ofisi. Futa namba na mafaili ya wateja kwenye simu yako, umuonyeshe. Funguo ziweke mezani, asaini kwamba amezipokea.